Kupanda Muhabura kwa Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimepanda Muhabura mara nne. Mara tatu nilifika kileleni, na moja kati ya hizo tatu sikupaswa kufika. Nitaieleza huko mbele. Kila kiangazi kikikaribia simu yangu hujaa ujumbe kutoka Kampala, Nairobi, Mwanza na Goma, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa nipumzishe vidole. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa moja asubuhi jua linachomoza, saa moja jioni linazama.

Kwa nini Muhabura na si Rwenzori au Elgon?

Kwa sababu umesema una siku moja. Margherita, kilele cha Rwenzori, kina mita 5,109 na barafu juu yake, na safari yake hula wiki nzima. Wagagai, kilele cha Elgon chenye mita 4,321, watu hukigawa kwa siku kadhaa. Muhabura una mita 4,127: asubuhi unaondoka Kisoro, mji ulio chini yake kusini-magharibi mwa Uganda, jioni umerudi Kisoro unakula viazi. Hapa Uganda, ukitaka kuvuka mita 4,000 na usiku uleule ulale kwenye godoro, mlima ni huu.

Ni mlima wa namna gani hasa?

Ni volkano iliyolala, mmoja wa milima minane mikubwa ya safu ya Virunga inayogawanywa na Uganda, Rwanda na Kongo. Inayotema moto leo ni Nyiragongo na Nyamuragira, yote miwili upande wa Kongo. Muhabura ni wa tatu kwa urefu katika safu, nyuma ya Karisimbi (4,507) na Mikeno (4,437), nao umekaa mwisho kabisa upande wa mashariki, umejitenga kidogo na wenzake. Ndiyo maana ukitoka Kabale, ukipita msitu wa Echuya na kufika pale Kanaba barabara inapoanza kushuka, koni yake unaiona kwanza. Watu wa huku husema jina lake lina maana ya anayeonyesha njia, yule anayemrudisha barabarani aliyepotea. Abiria wengi pale Kanaba hutoa simu kupiga picha. Ukiwa umekuja kuupanda, hutoi simu, unameza mate.

Njia yenyewe ikoje?

Kwenda na kurudi ni kama kilomita 12. Ukisikia kilomita 12 unacheka, maana hizo unatembea Kampala foleni ikikushinda. Lakini ndani ya hizo sita za kwenda unapanda mita 1,700 hivi. Njia haizunguki kama barabara ya gari. Inalenga juu.

Unaanzia kwenye mashamba. Wakulima wa Kisoro wamelima mpaka kwenye ukuta wa mawe wa hifadhi: viazi mviringo, mahindi, maharage, na katikati ya matuta kuna marundo ya mawe meusi ya volkano yaliyookotwa ili jembe lipite. Mlima jirani, Gahinga, unasemekana umepata jina lake kutokana na marundo hayo. Ukivuka ukuta unaingia kwenye vichaka na majani marefu, yenye umande wa kukulowanisha mpaka mapajani hata siku isiyo na mvua. Kisha zinakuja zile mierika, miti iliyopinda ikaning'iniza nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee. Hapo ndipo watu huacha kuongea. Si kwa heshima ya mahali, ni kwa kukosa pumzi.

Juu zaidi miti inakwisha. Mnabaki ninyi, majani ya vishungi, lobelia ndefu kuliko mtu zilizosimama kama mishumaa, na senesio kubwa zenye mashina manene na kichwa cha majani mithili ya kabichi. Udongo ni mchanganyiko wa matope na mawe yasiyokaa mahali pake. Sehemu hii ina tabia ya kukuonyesha kilele cha uongo. Unaona ukingo, unajikaza, unaufikia, unaona ukingo mwingine. Ushauri wangu: usimuulize askari wa hifadhi anayewaongoza "bado mbali?" Atakujibu "tumekaribia", na atakujibu hivyo mara tano.

Nimeshafika Horombo kwenye Kilimanjaro. Si nitauona huu mdogo?

Swali hili huletwa na ndugu zetu wa Tanzania, na nalipenda. Horombo iko kwenye mita 3,720 hivi, na wengi hufika pale siku ya pili baada ya kulala kambi ya Mandara. Muhabura unakupeleka mita 400 juu ya Horombo bila Mandara katikati, na chai ya jioni unainywa ulikoanzia. Mwili hauna muda wa kuzoea. Kwa mtu mwenye afya jambo hili linawezekana, maana hukai juu, unagusa unashuka. Lakini usiupime kwa urefu peke yake. Wakenya nao huniambia walimaliza Longonot kabla ya chakula cha mchana. Hongera, ila Longonot nzima inaishia chini ya mita 2,800. Hapa kwenye urefu huo ndiyo kwanza umeanza kutoa jasho.

Nitajuaje kama nina nguvu za kutosha?

Piga hesabu ya ngazi. Ghorofa moja ni kama mita tatu, kwa hiyo mita 1,700 ni ghorofa 560 na ushee. Hakuna anayezipanda zote mazoezini, wala sikushauri. Lakini tafuta jengo lenye ghorofa kumi, omba ruhusa kwa mlinzi, beba begi la kilo saba (chupa za maji zinatosha), upande na kushuka mara kumi bila kukaa. Ukimaliza ukiwa bado unaweza kuongea sentensi nzima, uko pazuri. Ukimaliza ukiwa umeshika ukuta, una kazi ya wiki sita mpaka nane.

Walioko Kampala wana vilima vya bure: Muyenga, Naguru, Kololo. Jumamosi asubuhi panda kimoja, shuka, panda tena. Usisahau kushuka, maana wengi hufanya mazoezi ya mapafu na kusahau magoti. Muhabura hukuumiza zaidi saa tisa alasiri ukiteremka kuliko saa nne asubuhi ukipanda. Mpira wa Jumapili au dansi ya jimu si mbaya, ila havikufundishi kutembea saa nane bila kupumzika vizuri.

Na usipande na homa. Ukiwa unatoka Kampala au Jinja na mwili hauko sawa siku mbili kabla ya safari, pima malaria kwanza. Kichwa kikianza kuuma kwenye mita 3,500, hutaki kuwa unajiuliza ni mlima au ni mbu.

Ugonjwa wa milimani upo kweli kwenye urefu huu?

Upo. Kileleni kila pumzi inakupa oksijeni kama asilimia 60 ya ile unayoipata ukiwa Mombasa. Wengi hupata kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula. Hayo unaweza kuendelea nayo polepole, ukinywa maji na kusema ukweli kwa wenzako. Yasiyovumiliwa ni haya: kichwa kinachozidi kila hatua, kutapika, kuyumba kama mlevi, kuongea maneno yasiyoshikana, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa. Mtu wa hivyo anashuka, na anashuka saa hiyo, pamoja na mtu. Dawa ya kwanza ya urefu ni kuupunguza. Hata mita 500 huleta nafuu kubwa.

Kinachosaidia kabla ya siku yenyewe ni kulala Kisoro usiku mbili badala ya mmoja. Mji uko kwenye mita 1,900 hivi, Kampala iko kwenye 1,200. Kuna vidonge vya asetazolamidi ambavyo wapanda milima hutumia. Muulize daktari, usichukue vya rafiki. Na pombe ya usiku wa kuamkia mlima, hasa ile waragi ya "kupasha mwili joto", iache mpaka mrudi.

Msimu gani ni mzuri?

Juni mpaka Agosti, na Desemba mpaka Februari. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ni mvua, na njia hugeuka sabuni. Lakini kiangazi cha Kisoro si kiangazi cha Karamoja, kule kukavu. Hata Julai ukungu huja mchana na manyunyu hayaombi ruhusa. Asubuhi huwa safi zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuondoka mapema.

Kuhusu baridi: joto hupungua kama digrii sita kila mita 1,000 unazopanda. Kisoro ikiwa digrii 20, kileleni tegemea saba, kisha ongeza upepo na fulana iliyolowa jasho. Ukisikia ngurumo ukiwa kwenye majani ya wazi huko juu, usingoje kuona radi. Geuka, ondoka kwenye ukingo, usijibanze chini ya senesio iliyosimama peke yake.

Kibali nakipata wapi, na bei gani?

Mlima umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, iliyotangazwa mwaka 1991, na inasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, wenyewe tunaiita UWA. Bei hubadilika, kwa hiyo siandiki tarakimu ambayo utanishikia bango mwaka kesho. Waulize UWA wenyewe, Kampala au kwenye ofisi ya hifadhi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa mbali, mradi uonyeshe kitambulisho. Nimeshamwona Mkenya aliyeacha kitambulisho hotelini akibishana kwa Kiswahili kitamu kabisa, na Kiswahili hakikumsaidia. Alirudi hotelini kwa boda boda huku wenzake tukimsubiri.

Ofisi kuu ya hifadhi iko Ntebeko, kilomita 14 hivi kutoka Kisoro. Lakini njia ya Muhabura haianzii Ntebeko, inaanzia upande wa mashariki. Siku moja kabla, maliza malipo, kisha ulize kwa maneno ya wazi: askari tunakutana naye wapi, na saa ngapi? Kundi likiamkia lango lisilo lake, saa nzima ya asubuhi imekwenda.

Naweza kwenda peke yangu, bila mwongozaji?

Hapana.

Kwa nini askari ana bunduki?

Kwa ajili ya nyati na tembo. Hufyatua hewani kuwatisha, basi. Kwenye mianzi ya Mgahinga kuna pia kima wa dhahabu na familia ya sokwe wa milimani waliozoeshwa watu, wanaoitwa Nyakagezi. Hao wa Nyakagezi wana kibali chao na siku yao, kwa hiyo usipande Muhabura ukitumaini kuwaona bure.

Kufika Kisoro kukoje, na nilale wapi?

Mabasi ya Kampala kwenda Kisoro yapo ya mchana na ya usiku. Hesabu saa tisa au kumi barabarani kupitia Masaka, Mbarara na Kabale. Chukua la mchana, na sababu si kuona mandhari tu. Mara yangu ya kwanza nilipanda la usiku, nikashuka saa kumi na moja alfajiri shingo imekakamaa, nikaingia mlimani saa mbili bila kulala. Kufikia saa sita nilikuwa nasinzia nikiwa nimesimama.

Wanaotoka Rwanda huingia kwa mpaka wa Cyanika, ambao uko karibu kabisa na Kisoro. Mpaka wa Bunagana, upande wa Kongo, ulitekwa na waasi wa M23 Juni 2022, na hali yake tangu hapo imekuwa ya kuulizia kila safari. Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania na Mkongomani waje na pasipoti. Kadi ya homa ya manjano iwe mfukoni.

Vya kulala vipo vya kila mfuko, mjini na karibu na hifadhi. Swali la kumuuliza mwenye nyumba ni moja: "Chai na mayai vinaweza kuwa mezani saa kumi na moja na nusu?" Akisita, tafuta kwingine.

Nivae viatu gani? Nimeambiwa wenyeji hupanda na gambuti.

Ni kweli, na wanatupita tukihema. Gambuti haziingizi matope na huoshwa kwa ndoo moja ya maji. Lakini wao wamezivaa tangu shule ya msingi. Mguu wako wa mjini ndani ya mpira kwa saa nane utatoka na malengelenge, na kwenye mteremko kisigino kinacheza. Mimi hutumia viatu vya mlimani vinavyoshika kifundo, vilivyokwisha kutembea angalau mwezi mmoja. Kiatu kipya kutoka dukani kisiujue mlima kabla hakijakujua wewe. Kata kucha za vidole vya miguu siku moja kabla. Watu hucheka nikisema hivyo, kisha hunitumia picha za kucha nyeusi.

Vingine: koti la mvua la kweli, si mfuko wa plastiki wenye kofia, sweta la sufi au la fulizi, jezi ya kubadilisha kileleni ili uvue iliyolowa, glavu (hata za bustani, maana utashika matawi na mawe), kofia, mafuta ya kukinga jua, kwa mweusi na mweupe, na tochi ya kichwani yenye betri mpya, moja kwa kila mtu. Nasema tena, kila mtu. Fimbo unapewa au unanunua pale chini, na mimi huchukua mbili. Jinzi iache, ikilowa inakuwa mzigo wa kilo mbili za baridi.

Chakula na maji?

Maji lita tatu kwa kila mtu, yabebwe toka chini. Muhabura ni mlima mkavu na njiani hakuna kijito cha kutegemea. Kileleni kuna kiziwa, lakini si cha kunywa.

Kwa chakula, sahau biskuti za bei. Chapati mbili, mayai ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa chumvi, karanga, kabalagala (vile vichapati vya ndizi), ndizi mbivu. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ya jioni iliyopita hufaa ikiwa haina nyanya, la sivyo saa tano imeshakuwa uji. Kula kidogo kidogo kila saa hata kama hutaki, maana huko juu njaa haikupi taarifa. Kijana mmoja wa Kisoro aliyewahi kutubebea mizigo alikuwa na mfuko mmoja tu, wenye viazi sita na kipande cha sukari guru, na ndiye aliyefika wa kwanza.

"Saa ya kugeuka" ni nini? Kila mtu anaitaja.

Ni saa ambayo popote mlipo, hata kilele kikiwa mbele ya macho, mnageuza miguu. Kwa Muhabura yangu ni saa nane kamili mchana.

Hesabu iko hivi. Mkianza kutembea saa mbili asubuhi, kundi la wastani hufika juu kati ya saa saba na saa nane. Kushuka ni saa tatu na nusu mpaka nne, maana mawe hayakuruhusu kukimbia. Mkigeuka saa nane mnatoka msituni saa kumi na mbili. Jua linazama saa moja. Saa moja hiyo ya ziada ndiyo akiba yenu ya goti lililoteguka, mvua, au mwenzenu anayetembea kama kobe. Karibu na ikweta hatuna jioni ndefu. Giza huanguka kama pazia lililokatwa kamba.

Sasa kile kisa. Mara yangu ya pili tulikuwa sita. Ukungu ulishuka tukiwa kwenye senesio, tukawa tunaona mgongo wa aliye mbele tu. Askari akasema muda umekwenda. Mwenzetu mmoja akatoa simu: 13:10. Saa saba na dakika kumi! Tukambishia mzee wa watu, tukamwonyesha kioo, tukamwambia tuna karibu saa nzima. Akatazama saa yake ya mkononi, akatutazama sisi, akanyamaza. Tukaendelea.

Mpaka wa Uganda na Rwanda unapita kileleni. Simu ikiwa upande ule hudaka mnara wa Rwanda, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ya yule mwenzetu ilikuwa imejirekebisha yenyewe, kimyakimya, kwa adabu zote. Saa ya kweli ilikuwa nane na dakika kumi. Tulifika kileleni karibu saa tisa, tukapiga picha ya ukungu, na tulipoingia kwenye mierika giza lilikuwa limekamilika. Tochi zilikuwa mbili kwa watu sita. Tulishuka tumeshikana mabegi kama treni, askari mbele akiita kila jiwe: "Hapa shimo. Hapa mzizi. Kalia, teleza." Tulitoka saa tatu kasoro usiku. Mke wa mmoja wetu alikuwa ameshapiga simu hotelini mara kumi na moja.

Kwa hiyo: zima marekebisho ya saa ya moja kwa moja kabla ya kuondoka Kisoro, au vaa saa ya mkononi, hata ile ya elfu kumi ya soko la Owino, Kampala. Na askari akisema muda umekwenda, umekwenda.

Mmoja wetu akishindwa njiani, kundi zima linarudi?

Inategemea mna askari wangapi. Mkiwa na mmoja tu, ndiyo, mtu hashuki peke yake. Hili liongeeni Kisoro, mezani, kabla ya mlima, na kila mtu aseme kwa kinywa chake kwamba atakubali kurudi. Mkiwa zaidi ya wanne, ulizieni askari wa pili tangu siku ya malipo. Mara yangu ambayo sikufika kileleni tulirudi kutoka pazuri sana, tukiwa tunakiona kilele, kwa sababu shemeji yangu alianza kutapika. Alinuna siku mbili akidhani sisi tumenuna.

Mpagazi ni wa lazima?

Si wa lazima, lakini mchukue. Kijana wa kijijini anayekubebea begi ameujua mlima tangu utotoni, na siku hiyo ana kipato. Patana bei kabla ya kuanza, mkabidhi pesa mkononi mwake mwenyewe, na bahashishi toa mkimaliza. Mpe pia chakula, usidhani amekuja na chake.

Nimesikia kuhusu Batwa. Wana uhusiano gani na mlima huu?

Ndio wenyeji wa misitu hii. Waliishi humo kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi mpaka hifadhi ilipotangazwa 1991, wakatolewa bila kupewa ardhi ya maana. Wengi leo wanaishi pembeni mwa miji na mashamba ya wengine. Kuna matembezi yanayoitwa Njia ya Batwa, ambapo wao wenyewe huwaongoza wageni ndani ya hifadhi, mpaka kwenye pango la Garama. Siku yenu ya kwanza, ile ya kuzoea urefu, itumieni huko. Lakini msiwapige picha majumbani mwao kana kwamba ni maua.

Kiswahili kitatosha Kisoro?

Lugha ya mji ni Kifumbira, ndugu wa karibu kabisa wa Kinyarwanda. Ukisema "mwaramutse" asubuhi na "murakoze" ukipewa kitu, umeshapunguziwa bei ya ndizi. Kiswahili utakipata kwa wafanyabiashara wa mpakani, madereva, askari, na Wakongomani wengi waliohamia. Mimi nililelewa kambi ya jeshi Jinja, Kiswahili ndicho nilichokua nacho, na Kisoro sijawahi kukosa wa kuongea naye. Kampala nimewahi.

Naweza kupandia Uganda nikashukia Rwanda?

Hapana. Kule kuna njia yao, hifadhi yao na kibali chao. Kileleni unaweza kuzunguka na kutania kwamba mguu mmoja uko ng'ambo, basi. Kushuka upande ule ni kuvuka mpaka kinyemela mbele ya watu wenye silaha.

Na Gahinga au Sabinyo je?

Gahinga, mita 3,474, ndio mwepesi kwa watatu hawa: mianzi mingi, na juu kuna kreta yenye kinamasi. Mpeleke mtu wa mara ya kwanza. Sabinyo, mita 3,600 na ushee, una vilele vilivyochongoka kama meno ya mzee, na ndiyo maana ya jina lake. Unapandwa kwa ngazi za miti zilizoegemezwa kwenye majabali, na kwenye kilele cha tatu nchi tatu hukutana. Ni mfupi kuliko Muhabura lakini unatisha zaidi. Anayeogopa kimo asijidanganye. Mvua ikinyesha ngazi zile zinateleza kama samaki, na mimi siku hiyo hubaki chini.

Choo?

Kabla ya kuondoka hotelini. Baada ya hapo ni kichaka, mbali na njia. Karatasi inarudi nayo kwenye mfuko wako. Wanawake walio kwenye siku zao wabebe mfuko wa pili usioonyesha.

Kileleni kuna nini hasa?

Kuna kiziwa kidogo cha duara ndani ya kreta, ambacho unaweza kukizunguka kwa dakika chache, chenye maji meusi na baridi ya kuuma meno. Siku ikiwa wazi unaona safu yote ya Virunga imejipanga kuelekea magharibi. Upande wa Uganda ziwa Mutanda na visiwa vyake. Upande wa Rwanda, chini kabisa ya miguu yako, Burera na Ruhondo. Katika mara zangu tatu nimeyaona haya mara moja, kwa dakika ishirini. Mara nyingine niliona viatu vyangu na maji. Kaa nusu saa, badilisha fulana, kula yai, shuka.

Kesho yake nitaweza kwenda kazini?

Kazini Kisoro, labda. Mapaja yatagoma kushuka ngazi kwa siku mbili tatu. Utashuka kinyumenyume ukishika ukuta, na watoto watacheka. Usikate tiketi ya basi la usiku uleule, hata kama bosi amekupa siku mbili tu. Saa kumi kwenye kiti, magoti yamebanwa na gunia la viazi la jirani, nimeshazijaribu. Lala, kunywa maji, asubuhi tembea polepole mpaka sokoni, ununue viazi vya nyumbani, kisha upande basi la saa nne.